Njia Niliyoichora Mara Mbili: Kuizunguka Lubumbashi kwa Gari

Mara ya kwanza nilipompakia mtoto wa dada yangu garini ili nimwonyeshe Lubumbashi, nilikuwa nimeandika kwenye karatasi majina kumi na moja ya mahali pa kutazama, nikayapanga kwa ukaribu wao kwenye ramani ili nisipoteze esansi, na nilikuwa na hakika kwamba kabla ya saa kumi za jioni tutakuwa tumeyamaliza. Tuliyafikia saba tu. Usiku, baba yangu alipomuuliza kijana huyo ameona nini, alijibu kwa heshima, "Kambo, nimeona majengo mengi ya zamani." Jibu hilo liliniuma. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, nimezaliwa katika mji huu, na mtoto aliyetoka Bukavu kwa likizo ndefu alikuwa amekaa garini mwangu karibu siku nzima bila kujua kwa nini mji huu upo hapa ulipo na si mahali pengine.

Kosa halikuwa lake. Kwa kufuata ukaribu wa mahali, nilikuwa nimemvusha kutoka jengo la mwaka 1956 hadi kanisa la mwaka 1920, kisha nikamrudisha mwaka 1910, kisha nikampeleka kwenye uwanja wa mpira uliofunguliwa mwaka 2011, na kila nilipoegesha nilieleza kwa haraka huku injini ikiunguruma, kwa sababu mahali pengine palikuwa panatungoja. Makumbusho tuliyakuta yamekwisha kufungwa. Mbele ya jengo moja la serikali nilitoa simu nipige picha, na mlinzi akatujia mbio akiuliza, "Mama, nani alikupa ruhusa ya kupika foto hapa?" Tulikaa pale karibu saa nzima tukijieleza, na kijana wangu, aliyekuwa mchangamfu asubuhi, hakuuliza swali lolote tena hadi tuliporudi nyumbani.

Baba yangu alisikiliza habari hiyo yote bila kunikatiza. Alizaliwa mwaka 1947 katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, naye mwenyewe alifanya kazi kwenye matanuru kwa miaka mingi. Alipoona karatasi yangu, aliweka kidole juu ya jina la kwanza, ambalo lilikuwa posta, akasema, "Mwanangu, mji huu haukuanza posta. Ulianza na jiwe." Usiku uleule niliichora njia upya, safari hii nikifuata jinsi mji ulivyozaliwa: kwanza jiwe, kisha moto, kisha reli, kisha mitaa ya wazungu, na mwisho ule ukanda mtupu uliotenga mitaa hiyo na mitaa ya weusi. Majina kumi na moja yakawa machache. Nikamwomba baba aje nasi.

Tuliondoka Jumatano, alfajiri, katika baridi kali ya kiangazi ambayo wageni hawaitarajii kwa sababu wanadhani Kongo yote ni joto, ilhali Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Nilikuwa nimejaza esansi jana yake, na nilikuwa nimepita makumbusho siku iliyotangulia kuuliza saa za kufungua na kama picha zinaruhusiwa. Mambo hayo mawili madogo yaliiokoa siku yetu kuliko maandalizi mengine yote.

Lipo jambo la kwanza ambalo dereva wa Lubumbashi analijua hata bila kulifikiria. Sisi hupita upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yaliyopo mjini, likiwamo langu, yana usukani upande wa kulia, kwa kuwa huletwa kupitia nchi za kusini na mashariki ambako watu hupita kushoto. Maana yake ni kwamba dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara. Hilo ni faida kwa mtu anayetaka kutazama majengo, kwa sababu kuta na milango hupita karibu na bega lake. Lakini ni hatari anapotaka kulipita lori, kwa sababu hawezi kuona kinachokuja mpaka gari lote liwe limetokeza katikati ya barabara. Siku ya kwanza kijana alikuwa amekaa nyuma. Siku ya pili nilimketisha mbele, upande wa kushoto, nikampa kazi ya kuwa macho yangu. Baba alikaa nyuma, katikati, ili sote wawili tumsikie. Kupanga viti kwa namna hiyo kulibadilisha kila kitu: mtoto aliyepewa kazi hasinzii, na mzee anayesikika hachoki kueleza.

Tulianza upande wa Ruashi, pembeni mwa mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliujua kwa jina la Kalukuluku. Mgodi huo ndio ulioyalisha matanuru ya kwanza ya mji. Hakuna anayeingia bila kibali, na sikujaribu. Tuliegesha mahali salama, mbali na malori, tukazima injini. Hapo hapana jengo wala sanamu. Pana udongo mwekundu, vumbi linaloganda kwenye kioo cha gari hadi mtu alazimike kukipangusa kila baada ya nusu saa, na vilima vya mawe yaliyochimbuliwa. Baba aliokota kokoto moja iliyokuwa na doa la kijani, akamwekea mjukuu wake kiganjani, akamweleza kwamba kijani hicho ni shaba iliyokutana na hewa na maji kwa muda mrefu sana, na kwamba watu wa Katanga walikitambua karne nyingi kabla Mbelgiji yeyote hajafika. Waliiyeyusha shaba katika vinu vya udongo, wakaimwaga katika mitaro yenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatembea mbali katika biashara. Nikaongeza upande wangu: kwamba kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na kwamba mji uliasisiwa mwaka 1910, miaka minne baadaye. Kijana alifikiri kidogo, akasema, "Basi kampuni ni mkubwa wa mji." Wiki nzima sikuwa nimepata sentensi nzuri kama hiyo katika daftari langu.

Kutoka hapo tulivuka mji hadi upande wa magharibi, kwenye mto Lubumbashi, kwa sababu ndivyo jiwe lenyewe lilivyosafiri. Mawe yalikuwa mashariki, lakini matanuru yanahitaji maji, na maji yalikuwa katika mto huu mdogo ambao leo mtu anaweza kuuvuka kwa gari bila kuuona. Ndiyo sababu mji umekaa hapa, katikati ya mgodi na mto. Nimefundisha jambo hilo ubaoni kwa miaka, lakini sikuwahi kulihisi kama nilivyolihisi siku hiyo, nilipoendesha umbali wenyewe kutoka jiwe hadi maji, nikijua kwamba kila barabara ninayokatiza njiani ilikuja baadaye.

Bomba la moshi la kiwanda linaonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Urefu wake ni mita 153, na kando yake kimesimama kile kilima cheusi cha masalio ya shaba, ambacho hakikuumbwa na Mungu bali na mikono ya watu, toroli kwa toroli. Shaba ya kwanza ilimwagwa hapa tarehe 30 Juni 1911. Kilima kimekuwa kikipungua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu kile ambacho wazee waliona ni takataka kimekutwa kina kobalti, na kimekuwa kikisagwa na kuyeyushwa upya. Tulisimama mahali ambapo baba alisema panafaa kusimama, palipo wazi, nje ya ua, na hapo tulikaa kwa muda mrefu kuliko mahali popote pengine siku hiyo.

Mimi nilikuwa nimejiandalia maelezo, lakini sikuyatoa. Baba alisimulia king'ora kilichokuwa kikiwaamsha watu wa mji mzima, hata wale wasiofanya kazi kiwandani. Jinsi mama wa nyumbani walivyojua wakati wa kuweka maji ya bukari, yaani ugali, motoni kwa kusikia mlio wake. Jinsi wafanyakazi walivyokuwa na msemo wao, "kazi njo baba, kazi njo mama," na jinsi msemo huo ulivyokuwa kweli, kwa sababu kazi ndiyo iliyotoa nyumba, posho ya unga, shule na dawa. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, alisimulia kitu alichokipokea kutoka kwa baba yake. Desemba 1941, wakati vita vya dunia vilihitaji shaba nyingi na bei ya vitu ilipanda, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara yao iongezwe. Tarehe 9 walikusanyika katika uwanja wa mpira hapa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo. Gavana Amour Maron alifika na askari. Karani mmoja, Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea wenzake, aliuawa, na askari wakafyatulia umati risasi. Makumi ya watu walikufa. Babu yangu alikuwa kijana wakati huo, na baba anasema alikuwa hapendi kupita karibu na uwanja wa mpira wakati hakuna mchezo.

Kijana hakuandika chochote. Alikitazama kilima. Nilijifunza hapo kwamba katika ziara ya gari, muda wa kusimama unapaswa kuwa mrefu kuliko muda wa kutembea, na kwamba mtu akiona mwendo ni mwingi kuliko kimya, basi ameweka vituo vingi mno.

Kwenye stesheni ya reli hatukukaa sana, lakini ilikuwa lazima tupite hapo kabla ya kuingia mitaani. Reli ilifika mwaka 1910, nayo haikutoka Kinshasa wala baharini upande wa magharibi. Ilitoka kusini, ikipitia Rhodesia na kuingia Kongo kwa Sakania. Kwa miaka mingi Élisabethville ilikuwa karibu zaidi na Cape Town kuliko na makao makuu ya koloni lake lenyewe. Njia ya reli ndani ya Kongo hadi bandari ya mto ya Ilebo, iliyoitwa wakati huo Port-Francqui, ilikamilika mwaka 1928, na ile ya kupitia Angola hadi Bahari ya Atlantiki iliungana mwaka 1931. Nilimwambia kijana atazame usukani wangu. Gari hili nalo limeingia kwa mlango wa kusini, kwa Kasumbalesa mpakani na Zambia, zaidi ya miaka mia moja baada ya treni ya kwanza, na ndiyo maana mimi nimekaa upande huu na yeye upande ule. Alicheka, na tangu hapo alianza kuhesabu magari yenye usukani wa kushoto. Safari hii hatukupiga picha stesheni. Nilikuwa nimeamua kwamba mahali pa serikali, pa reli na pa askari patatazamwa kwa macho tu, na amani iliyotufuata siku nzima ilinithibitishia kwamba niliamua vema.

Mji wa kati ni rahisi kuendesha ndani yake kwa sababu ulichorwa kwa rula. Émile Wangermée, mkuu wa kikoloni wa Katanga wakati huo, na wapimaji wake walikata barabara zilizonyooka, zikakutana kwa pembe za mraba, na wakazipanda miti. Mtu akija Septemba au Oktoba anakuta mijakaranda imemwaga maua ya zambarau juu ya lami, lakini Julai miti ni mitupu, na utupu huo una faida yake, kwa kuwa majengo hayafichwi. Ushauri wangu kwa anayejichorea njia katikati ya mji ni kwamba aegeshe gari mara moja tu na kuyatembelea majengo kwa miguu, kwani kuegesha upya mbele ya kila jengo kunachosha na kunavutia wanaokuja kudai malipo ya kulinda gari. Mimi nilikubaliana bei na kijana mmoja mwanzoni kabisa, nikampa nusu, nikamwambia nusu nyingine anangojea nikirudi. Tulikuta gari salama na kioo kimesafishwa.

Tulianza na kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali mekundu, lililojengwa mwaka 1920 wakati mji ulikuwa na miaka kumi tu. Matofali hayo ndiyo yaliyomgusa kijana, kwa sababu rangi yake ni ile ya udongo tuliokuwa tumeukanyaga asubuhi. Kisha tukaenda kwenye sinagogi, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa mchoro wa Raymond Cloquet. Wayahudi wengi wa mji huu walitoka katika kisiwa cha Rhodes, wakaja kufanya biashara, na rabi wao Moïse Levy, aliyefika mwaka 1937, aliishi nao kwa zaidi ya nusu karne. Hapo nilisimama kumweleza mpwa wangu kwamba mji wa shaba ulivuta watu kutoka kila upande: Wagiriki, Waitalia na Wayahudi kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine Waluba, Wabemba, Wasanga, Walunda, watu wa Rwanda na wa Kasai, na kwamba Kiswahili chetu cha Lubumbashi, ambacho watu wa Bukavu hukisikiliza kwa mshangao, kilikomaa katika kambi na masoko ambako watu hao wa lugha nyingi walilazimika kuelewana.

Posta ilikuwa imekuwa ya kwanza kwenye karatasi yangu ya zamani. Sasa ilipata nafasi yake ya haki, baada ya yote hayo. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na mji huu ukawa mji mkuu wa nchi ambayo dunia haikuitambua. Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa walipigania jengo hili la posta pamoja na kituo cha redio, kwa sababu aliyeshika simu na redio ndiye aliyeushika mji. Kujitenga kulimalizika Januari 1963. Mtu anayesimama pale leo, katikati ya wauza kadi za simu na wabadilisha fedha, anaona eneo lenye shughuli kama maeneo yote. Lakini mtu aliyekwisha kupita kwenye jiwe, kwenye moto na kwenye reli haulizi tena kwa nini watu walipigana kwa ajili yake.

Jengo la 30 Juin, ambalo zamani lilikuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Élisabethville, lilikamilika mwaka 1956, kazi ya Claude Strebelle na wenzake. Lina umbo la kisasa ambalo hata leo halijazeeka, na limekuwa makao ya bunge la jimbo. Nilikuwa naanza kueleza kwamba jina lake linatokana na siku ya uhuru wa mwaka 1960, mpwa wangu aliponikatiza. "Mama Mudogo, si ulisema shaba ya kwanza ilimwagwa tarehe 30 Juni?" Nilikuwa nimesema hivyo asubuhi. Nimezifundisha tarehe hizo mbili kwa miaka mingi, moja katika kidato kimoja na nyingine katika kidato kingine, na sikuwahi kuziweka pamoja. Ni sadfa, na nilimwambia hivyo. Lakini sadfa hiyo aliiona mtoto, na aliiona kwa sababu vituo vilifuatana kwa utaratibu uliomwezesha kukumbuka.

Kisha makumbusho ya taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu. Hapo mpangilio wangu wa miaka ulipinda, na niliuacha upinde. Katika vyumba vyake kuna ile misalaba ya shaba ambayo baba alikuwa ameisimulia asubuhi akiwa na kokoto mkononi, na vyungu vya watu wa bonde la Upemba, ambao walizikwa na mali zao kando ya maziwa karne nyingi zilizopita. Makaburi ya Sanga yalichimbuliwa na wanaakiolojia mwishoni mwa miaka ya 1950, na misalaba midogo ikakutwa pamoja na mifupa. Baba aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu. Alikuwa ameyeyusha shaba nyingi maishani mwake, akaniambia, lakini hakuwahi kuiona ikiwa imelazwa kifuani mwa mtu. Nilikuwa nimefikiri kwanza kwamba makumbusho yangefaa kuwa mwanzo wa ziara, kwa kuwa yana vitu vya kale zaidi. Sasa naamini yanafaa kuja baada ya mgodi na kiwanda, kwa sababu macho yanayojua uzito wa shaba ndiyo yanayouona msalaba mdogo ulivyo mkubwa.

Jambo moja niliamua kuliacha nje ya siku hiyo, na nililijadili na baba kwa muda kabla ya kuamua. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, walishushwa kwenye uwanja wa ndege wa Luano wakiwa wamefungwa na kupigwa, na usiku uleule wakauawa porini nje ya mji. Mahali hapo pako Shilatembo, upande wa barabara ya Likasi, na mwezi Juni 2022 jeneza lililobeba jino la Lumumba, ambalo Ubelgiji ililirudisha, lilipitishwa hapo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mtu angeweza kuunganisha Luano na Shilatembo katika ziara hiihii. Mimi nilikataa. Sikutaka kifo hicho kiwe kituo kimojawapo tu kati ya chakula cha mchana na mpira. Tulikwenda huko siku nyingine, sisi watatu, na siku hiyo hatukwenda mahali pengine popote.

Saa tisa tulikula bukari na vitoyo, samaki wakavu wa chumvi, kwa mama mmoja anayepika karibu na soko, kisha tukageuza gari kuelekea Kamalondo, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Katika miaka ya 1920 wakuu wa koloni waliwahamishia Waafrika wa mji katika mtaa wao wenyewe, ambao ndio Kamalondo ya leo, na kati ya mtaa huo na mji wa wazungu waliacha ukanda mtupu wa mita mia kadhaa, walioutaja kuwa eneo la kati lisilo la mtu. Sababu iliyoandikwa ilikuwa afya: walidai kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo, na hivyo mzungu angelala salama mbali na damu ya mweusi. Baadaye mji wa weusi uliendelea kukua upande ule wa pili, ikaja Kenya, ikaja Katuba, na Ruashi mashariki, lakini ukanda ulibaki, na kila asubuhi boi, karani, mpishi na fundi waliuvuka kwa miguu kwenda kazini, na kila jioni walitakiwa wawe wameuvuka kurudi. Ukanda huo leo haujitambulishi kwa kibao chochote. Umejengwa, una maduka, una karakana, na nilikuwa nimeupita kwa gari maelfu ya mara, kwa sababu unachukua chini ya dakika mbili.

Siku ya kwanza ndivyo tulivyoupita. Nilikuwa nimesema, huku nikibadilisha gia, "Hapa ndipo palikuwa na ukanda wa ubaguzi," na kabla sijamaliza sentensi tulikuwa tumefika upande wa pili, na kijana alikuwa ameshauona uwanja wa TP Mazembe na kusahau nilichosema. Simlaumu. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenediktini, na mwaka 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Mtoto wa umri wake ana haki ya kusisimka. Lakini gari lilikuwa limeufuta umbali ambao uliwekwa kwa makusudi ili uhisiwe na miguu.

Safari ya pili, tulipokaribia mwanzo wa ukanda upande wa mji, baba aliniomba nisimamishe gari. Alifungua mlango, akachukua fimbo yake, akasema kwamba baba yake alitembea hapa. Nilimkumbusha kuwa jua bado ni kali na vumbi ni jingi. Hakunijibu. Mpwa wangu alishuka bila kuambiwa, akazunguka upande wa babu yake ulio karibu na magari, akamshika mkono. Mimi nililazimika kuendelea kwa sababu nyuma yangu walikuwa wanapiga honi, nikavuka, nikaegesha upande wa Kamalondo chini ya mti, nikazima injini na kungoja.

Nilitazama saa. Mikokoteni ilipita, pikipiki zilipita, wanafunzi waliovaa shati jeupe wakarudi kutoka kwenye masomo ya likizo. Baada ya dakika kumi na saba niliwaona wakitokea, baba akitembea polepole, kijana akiwa ameinamisha kichwa ili amsikie vizuri. Walikuwa wamejaa vumbi hadi magotini. Mwanamke mmoja alikuwa anauza munkoyo kwenye ndoo kando ya barabara, na baba akaagiza vikombe vitatu, akakaa juu ya kreti, akanywa kikombe chake chote kabla ya kusema neno.

"Kambo," kijana akamuuliza, "walikuwa wanakwenda na kurudi kila siku?"

"Kila siku," baba akasema. "Na asubuhi ilikuwa bado giza."

Kijana alirudisha kikombe chake kwa yule mama, akamshukuru, kisha akanigeukia na kuniuliza kama siku ya kesho, kabla jua halijachomoza, ninaweza kumleta tena upande huu wa Kamalondo na kumwacha aende kwa miguu hadi posta.